Namna ya kuingiza akiba sokoni ukiwa Tanga, na kuifuata mpaka ionekane imejenga nini

Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, yaani Tanga UWASA, iliingia sokoni na hatifungani ya kijani, yaani karatasi ya deni linalolipiwa riba, kwa mradi unaotunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12. Muda wake ni miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, malipo kila baada ya miezi 6. Maombi yalifika bilioni 54.72, na mwaka huohuo hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Mamlaka ya maji ya mkoani ilikopa moja kwa moja kwa wenye akiba, ikaahidi kulipa kwa mapato ya maji. Anayetaka kuelewa soko la mitaji linavyojenga uchumi wa nchi hana mahali pazuri zaidi pa kuanzia, kwa sababu kilichokopewa kinaonekana kwa macho: maji yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, yanasafishwa Mowe, yanafika mabombani Ngamiani na Chumbageni.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Tanga mwenye akiba isiyo na kazi ya haraka, na wa vikundi na SACCOS zenye fedha iliyolala benki. Unaeleza namna ya kununua, na namna ya kupima kama ulichonunua kinaongeza chochote kwenye uchumi. Wengi hujifunza la kwanza tu, kisha hushangilia bei ya hisa kupanda bila kujua kwamba kampuni yenyewe haikupata hata senti katika mauzo hayo.

Jua kwanza fedha yako inamfikia nani

Soko la mitaji lina milango miwili. Kwenye soko la awali, kampuni, mamlaka au serikali inauza karatasi mpya (hisa au hatifungani) na fedha inaingia mfukoni mwake. Kwenye soko la upili, wewe unanunua kwa mtu aliyenunua kabla yako, na fedha inamwendea yeye. Biashara nyingi za kila siku DSE ni za mlango wa pili.

Hata toleo la kwanza kwa umma linahitaji kuchunguzwa. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 21 ya benki ya NMB, hisa milioni 105 kwa shilingi 600 kila moja. Hizo zilikuwa hisa zilizokwishakuwepo, kwa hiyo fedha ilimwendea muuzaji, yaani serikali. Mwaka uliofuata CRDB iliuza hisa mpya milioni 125 kwa shilingi 150, na shilingi bilioni 18.75 zikaingia kwenye mtaji wa benki yenyewe. Matoleo yote mawili yalikuwa na faida, lakini faida tofauti. La NMB lilisambaza umiliki kwa Watanzania wengi na kuipa serikali fedha ya kufanyia mambo mengine. La CRDB liliongeza uwezo wa benki kukopesha: kanuni za Benki Kuu zinataka mtaji wa msingi wa benki usipungue asilimia 10 ya mali zake zenye hatari, hasa mikopo iliyotoa, kwa hiyo shilingi moja mpya ya mtaji inaweza kubeba mikopo mipya ya shilingi kadhaa.

Basi mnunuzi wa soko la upili hachangii kitu? Anachangia, ila kwa njia ya mzunguko. Mtu hatatoa milioni 10 zikae miaka 10 au 25 kama hana njia ya kutoka katikati akipatwa na ugonjwa, ada au msiba. Uwepo wa wanunuzi kwenye mlango wa pili ndio unaompa ujasiri anayeingia kwa mlango wa kwanza. Soko la upili likikauka, mkopaji mpya hulazimika kuahidi riba kubwa zaidi ili kufidia hofu hiyo, na mradi unakuwa ghali kwa kila mtu, akiwemo mlipa bili.

Kwa nini benki pekee hazitoshi

Benki inapokea amana ambazo mwenyewe anaweza kuja kuzichukua kesho. Haiwezi kuzifunga zote kwenye bomba la maji litakalofanya kazi miaka 30. Ikikopesha mradi kama huo kwa miaka 5, marejesho ya kila mwezi yanakuwa makubwa kuliko mapato ya mradi, na mkopaji anaanza kuyumba wakati mitaro ingali wazi. Hatifungani inaleta fedha ya muda mrefu kutoka kwa watu wenye mahitaji ya muda mrefu: mifuko ya pensheni kama NSSF na PSSSF, kampuni za bima, mifuko ya pamoja ya UTT AMIS inayokusanya akiba za watu wengi na kuziwekeza, na mtu binafsi anayejiandalia uzee. Urefu wa fedha ukilingana na uhai wa mradi, marejesho yanabebeka.

Mchango mwingine ni wa taarifa. Kampuni iliyoorodheshwa inalazimika kutoa hesabu hadharani, zikaguliwe, zisomwe na watu wasiomjua mkurugenzi. Hiyo inasaidia mamlaka ya kodi, inasaidia benki inayotaka kuikopesha, na inamsaidia mshindani kujua kama biashara hiyo ina faida ya kutosha kumvuta naye aingie.

Si kila ujenzi mkubwa unapitia DSE, na Tanga inalionyesha hilo waziwazi. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani linamilikiwa na TotalEnergies kwa asilimia 62, kampuni za taifa za Uganda na Tanzania kwa asilimia 15 kila moja, na CNOOC asilimia 8. Hakuna hisa ya bomba hilo unayoweza kununua kwa dalali. Akikujia mtu mtaani akikuuzia “hisa za bomba”, ni tapeli, na hapo hakuna cha kujadili.

Akaunti: moja haitoshi

DSE ilianza biashara Aprili 1998. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Dalali yeyote halali ana leseni ya CMSA, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Anza hapo kabla ya kumpa mtu namba yako ya simu.

Kwa hisa na hatifungani za kampuni au mamlaka kama Tanga UWASA, unahitaji akaunti ya hifadhi ya dhamana ya DSE, maarufu kama akaunti ya CDS. Inafunguliwa kupitia dalali, au kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, kwa hiyo safari ya Dar es Salaam si lazima. Kwa hatifungani za serikali zinazouzwa kwa mnada, unahitaji akaunti nyingine iliyo kwenye hifadhi ya Benki Kuu, inayofunguliwa kupitia benki ya biashara au dalali aliyeidhinishwa kushiriki minada. Watu wengi hufungua ya kwanza, wakasubiri mnada, wakagundua siku ya mwisho kwamba hawana ya pili. Fungua zote mapema kama unakusudia vyote.

Andaa kitambulisho cha NIDA, picha, namba ya simu unayoitumia kweli, na akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye NIDA, benki na fomu. Hapa umeandikwa “Mohamed”, kule “Mohamedi”, na pengine jina la babu limerukwa: malipo ya riba yatarudi yalikotoka, na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, litakaa kwenye orodha ya yasiyodaiwa miaka na miaka. Hili ndilo kosa dogo linalowagharimu watu wengi zaidi, na linarekebishika kwa dakika chache wakati wa kujaza fomu.

Fedha ya ununuzi iingie kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni ya udalali, au kwa namba ya malipo ya mfumo wenyewe. Isiingie kwenye namba ya simu ya mfanyakazi wake, hata kama ni jirani yako. Baada ya kununua, dai hati ya mauziano, kisha baada ya siku chache dai taarifa ya akaunti ya CDS inayoonyesha hisa au hatifungani zikiwa kwa jina lako. Kwa hisa, makabidhiano hukamilika kwa kawaida siku ya tatu ya kazi. Hati ya mauziano peke yake haitoshi.

Kuhusu gharama, dalali hutoza takriban asilimia 1.7 kwa biashara ya hisa isiyozidi milioni 10, juu yake VAT, kisha ada ndogo za soko, msimamizi na hifadhi. Kwa jumla ni kama asilimia 2.4 kununua, na kiasi kama hicho tena kuuza. Anayenunua leo na kuuza mwezi ujao anahitaji bei ipande karibu asilimia 5 ndipo arudishe tu fedha yake. Hisa si mahali pa kuweka ada ya shule ya muhula unaofuata.

Kusoma waraka wa matarajio

Kila toleo jipya kwa umma linakuja na waraka wa matarajio ulioidhinishwa na CMSA. Idhini hiyo inamaanisha kwamba taarifa zinazotakiwa na sheria zimetolewa. Haimaanishi kwamba uwekezaji ni mzuri wala kwamba utalipwa. Waraka ni mrefu, lakini kurasa zinazoamua ni chache.

Fungua kwanza sehemu ya matumizi ya fedha. Tafuta mgawanyo wenye tarakimu: chanzo kiasi gani, mtambo kiasi gani, mabomba kilomita ngapi, dharura asilimia ngapi, gharama za toleo lenyewe kiasi gani. Sentensi kama “kuboresha shughuli za kampuni” bila tarakimu ni alama mbaya. Angalia pia kama sehemu ya fedha inakwenda kulipa madeni ya zamani. Si vibaya kubadilisha deni ghali kwa deni nafuu, ila ujue kwamba kwa sehemu hiyo hakuna kitu kipya kitakachojengwa.

Halafu nenda kwenye chanzo cha malipo, na hapa usiwe na haraka. Kwa toleo la Tanga UWASA, riba ya asilimia 13.5 juu ya bilioni 53.12 ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka kabla mtaji, yaani fedha yenyewe iliyokopwa, haujaanza kupungua. Fedha hiyo lazima itoke kwenye bili za maji. Na mapato ya maji yana nguzo tatu: kiasi kinachouzwa, bei, na kinachokusanywa.

Chukua mamlaka ya maji ya mfano tu. Inazalisha mita za ujazo milioni 1 kwa mwezi. Asilimia 30 inapotea kwa mabomba kuvuja, mita mbovu na watu waliojiunganishia kinyemela, kwa hiyo inauza 700,000. Kwa bei ya wastani ya shilingi 1,800, bili ni bilioni 1.26. Ikikusanya asilimia 90, inapata bilioni 1.134. Sasa ipunguze upotevu hadi asilimia 25, bila chanzo kipya: inauza 750,000, inakusanya bilioni 1.215. Ni ongezeko la milioni 81 kwa mwezi, milioni 972 kwa mwaka. Ndiyo maana mnunuzi makini wa hatifungani ya maji anauliza kuhusu upotevu kabla ya kuuliza kuhusu riba. Akiona mita za malipo ya kabla zinafungwa na mabomba chakavu yanabadilishwa, anaona usalama wa fedha yake.

Nguzo ya bei haiko mikononi mwa mamlaka ya maji peke yake, kwani bei hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Umeme na dawa za kusafisha maji zikipanda huku ombi la bei mpya likichelewa, pengo linabaki kwenye vitabu. Nguzo ya ukusanyaji huvunjwa zaidi na wadaiwa wakubwa, hasa taasisi, kuliko na mama mwenye ndoo zake mtaani. Tafuta kwenye hesabu jedwali la madeni ya wateja kwa umri: yaliyozidi siku 90 yakikua kila mwaka, kaa macho.

Kisha fanya mgawanyo mmoja. Chukua fedha inayobaki baada ya gharama zote za uendeshaji, igawe kwa riba pamoja na mtaji unaotakiwa kulipwa mwaka huo. Jibu likiwa 1, hakuna kilichobaki kwa dharura, na mvua moja kubwa ikibomoa bomba mlipaji anashindwa. Likiwa 1.3 na zaidi, kuna pumzi. Chini ya 1.2 tungedai riba ya juu au tungeacha.

Yanabaki maswali mafupi. Mtaji unalipwa wote mwishoni au kidogo kidogo? Mapato yanapitia akaunti maalumu inayowalipa wenye hatifungani kwanza? Nani ni mdhamini anayewasimamia wenye hatifungani, na ana haki ya kufanya nini malipo yakichelewa? Deni linadhaminiwa na serikali au linasimama kwa mapato yake lenyewe? Usijibu swali hili la mwisho kwa kudhani. Kuwa taasisi ya umma hakumaanishi hazina itakulipa.

Hesabu ya hatifungani

Ukinunua hatifungani ya milioni 1 kwa asilimia 13.5, unapata 135,000 kwa mwaka, yaani 67,500 kila nusu mwaka. Hapo umenunua kwa bei ya 100. Kwenye soko la upili bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani ya kuandikwa. Ukinunua kwa 95, umelipa 950,000 na bado unapata 135,000, ambayo ni asilimia 14.2 ya ulicholipa, na siku ya kuiva unarudishiwa milioni nzima. Ukinunua kwa 105, mapato ni asilimia 12.9 ya ulicholipa, na siku ya kuiva utapoteza 50,000. Usimkubalie anayekuambia “riba ni 13.5” bila kukuambia bei.

Juu ya bei hiyo unamlipa muuzaji riba iliyokusanyika tangu malipo ya mwisho. Zikiwa zimepita siku 60, ni 1,000,000 mara 0.135 mara 60 gawa kwa 365, yaani 22,192. Utarudishiwa kwenye malipo yajayo, kwa hiyo si hasara, ila iweke kwenye bajeti. Wengi huleta milioni 1 kamili na kukwama kwa hizo elfu chache na ada ya dalali.

Bei inashuka vipi? Tuseme una hatifungani ya asilimia 12, kisha riba za soko zikapanda hadi 14. Hakuna atakayekupa 100 wakati mpya zinalipa zaidi. Kama imebakiza miaka 2, bei inakuwa kama 96.6. Ikibakiza miaka 10, kama 89.4. Ikibakiza miaka 25, kama 86.2. Ukisubiri mpaka iive utapata 100 zako. Ukilazimika kuuza mapema, ndipo hasara inakuwa ya kweli. Kwa hiyo chagua muda kwa kuangalia siku utakayoihitaji fedha. Riba iliyo kubwa kuliko nyingine zote kwenye orodha isikuchagulie.

Kuomba kwenye mnada wa serikali

Hatifungani za serikali hutolewa kwa muda wa miaka 2 hadi 25, na Benki Kuu hutangaza mnada kabla, kwa kawaida unaofanyika Jumatano. Kiwango cha chini cha kuomba ni shilingi milioni 1, kisha unaongeza kwa laki moja moja. Anayependa kushindana anataja bei: akitaja 104 na serikali ikakubali bei za juu yake tu, anakosa; akitaja juu mno, anapata lakini kwa mapato madogo. Mnunuzi mdogo hana sababu ya kubahatisha. Aombe zabuni isiyo ya ushindani, apewe kwa bei ya wastani ya waliofaulu. Fedha iwepo kwenye akaunti ya benki yako kabla ya siku ya malipo, ambayo huwa siku inayofuata mnada. Ukishinda zabuni bila salio, umejiharibia jina kwa benki inayokuwakilisha.

Mchango wa hatifungani hizi kwa nchi ni mkubwa, ila una upande wa pili ambao usinyamaziwe. Bei zake ndizo kipimo cha kila mkopo mwingine: mamlaka ya maji au kampuni ya saruji hujipangia riba kwa kuangalia serikali inalipa ngapi. Lakini serikali ikikopa kwa wingi na kwa riba nono, benki huona heri kununua karatasi isiyo na usumbufu kuliko kumkopesha mwenye shamba la michungwa Muheza au fundi wa boti Pangani. Mfanyabiashara huyo basi analipa riba kubwa zaidi au anakosa kabisa. Soko linaijenga nchi pale fedha iliyokopwa inapoenda kwenye barabara, umeme na maji yanayompunguzia mtu huyohuyo gharama. Ikienda kwenye matumizi ya kawaida ya ofisi, anabaki na mzigo tu.

Hisa: Tanga Cement kama somo

Kiwanda cha Pongwe kilianza uzalishaji mwaka 1980 na kampuni yake, Tanga Cement, iliorodheshwa DSE mwaka 2002 kwa alama ya TCCL. Mkazi wa Tanga anaiona kila siku: malori, vumbi la chokaa, mifuko ya Simba. Ukaribu huo ni faida, maana unaona foleni za malori zikipungua kabla hesabu hazijatoka. Lakini kuijua bidhaa hakutoshi. Soma miaka 5 ya hesabu, utenge faida ya uendeshaji na gharama za riba. Kiwanda cha saruji hujengwa kwa mikopo mikubwa, na kampuni inaweza kuuza sana huku faida yote ikimezwa na deni, hasa deni la dola shilingi inapodhoofu.

Angalia pia nani ana hisa nyingi. Kwa miaka mingi kampuni ya AfriSam ilishika asilimia 68.33 ya Tanga Cement. Mwaka 2023 umiliki huo mkubwa ukahamia kampuni ya Scancem, na 2024 sehemu kubwa ikaenda kwa kundi la Amsons. Maana yake kwa mwanahisa mdogo ni kwamba hisa zinazozunguka sokoni ni chache, na maamuzi hufanywa na mmoja. Mmiliki mkubwa akibadilika, huweza kufuata ofa ya kununua hisa za wengine. Ukipokea waraka wa ofa, soma bei na tarehe ya mwisho, linganisha na bei ya soko ya siku hiyo, kisha jibu kwa maandishi kupitia dalali. Anayeukalia waraka mpaka tarehe ipite amejiamulia bila kujua.

Kabla ya kununua hisa yoyote, tazama kiasi kilichouzwa kwa siku 30 zilizopita. Kama wastani ni hisa 2,000 kwa siku nawe unataka 20,000, utahitaji siku nyingi kuingia na pengine nyingi zaidi kutoka. Toa amri yenye bei ya ukomo: “nunua hisa 1,000, bei isizidi shilingi kadhaa.” Amri ya kununua kwa bei yoyote kwenye soko jembamba itakutupa kwa muuzaji pekee aliyebaki, naye hana huruma.

Gawio hulipwa kwa aliyemo kwenye daftari siku ya kulifunga. Kwa sababu makabidhiano huchukua siku kadhaa, kununua siku moja kabla ya kufungwa kunakuacha nje. Bei nayo kwa kawaida hushuka kiasi cha gawio baada ya hapo, kwa hiyo kukimbilia gawio pekee hakukupi kitu. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, nusu ya ile ya kampuni isiyoorodheshwa.

Wasiotaka riba, na vikundi

Kwa Muislamu anayejiepusha na riba, hatifungani za kawaida hazimfai, na asilazimishwe kwa maneno matamu. Sukuk, yaani hati za uwekezaji zinazofuata sheria ya Kiislamu, zipo: benki ya KCB Tanzania ilitoa Fursa Sukuk mwaka 2022, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatoa yake. Usiridhike na jina. Uliza ni mali gani iliyo nyuma yake, mapato yanatokana na pango la mali au faida ya biashara gani, na ni wanazuoni gani waliopitisha. Hisa pia zina vigezo vyake: kampuni ya bia imetoka moja kwa moja, na kampuni yenye deni kubwa la riba huhitaji kuulizwa.

VICOBA na SACCOS wafungue akaunti kwa jina la kikundi, wakiwa na cheti cha usajili, katiba, na muhtasari wa mkutano mkuu unaoonyesha azimio la kuwekeza, kiwango, na watia saini watatu. Kikundi kisichosajiliwa huishia kuweka kila kitu kwa jina la mwenyekiti. Mwenyekiti akifa, hatifungani inaingia kwenye mirathi yake, na wanachama watahitaji kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba ni yao. Sajilini kikundi kwanza, hata kama mnada mmoja au miwili itawapiteni. Wenye fedha kidogo au wasio na muda wa kusoma waraka wa kurasa mia wanaweza kutumia mifuko ya pamoja ya UTT AMIS, kama Mfuko wa Umoja ulioanza 2005 au mfuko wa hatifungani. Vipande huuzwa na kununuliwa na meneja mwenyewe, kwa hiyo hutafuti mnunuzi.

Baada ya kununua

Weka faili moja: namba za CDS zote mbili, hati za mauziano, tarehe za malipo kwa miaka yote. Mwonyeshe mwenza au mtoto mkubwa faili lilipo. Malipo yakipita siku 5 za kazi bila kuingia, andika barua pepe kwa dalali ukitaja namba ya CDS na tarehe, ubaki na nakala. Usipojibiwa, lalamika CMSA.

Kwa hatifungani ya kijani, mkopaji anatakiwa kueleza fedha ilivyotumika. Isome taarifa hiyo ukiwa na waraka wa matarajio mkononi, ulinganishe mstari kwa mstari: mabomba yaliyoahidiwa na yaliyolazwa, mita zilizoahidiwa na zilizofungwa, asilimia ya upotevu wa maji kabla na baada. Pale mstari usipolingana, uliza kwa maandishi kupitia mdhamini wa wenye hatifungani. Kwa hisa, uliza kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Usipoweza kuhudhuria, jaza fomu ya uwakilishi na uirudishe ndani ya muda uliotajwa kwenye taarifa ya mkutano, kwa kawaida saa 48 kabla. Fomu iliyochelewa haihesabiwi.